Kofia ya jino iliyofanana kliniki, ikakataa harusini

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 32, nimezaliwa na kukulia Usa River, sasa naishi Dar es Salaam. Miaka ya nyuma nilianguka na bodaboda, jino moja la mbele juu likafa. Lilisafishwa mzizi, lakini likawa linageuka jeusi polepole. Mwaka huu nikawekewa kofia ya kauri. Kliniki, nilipojitazama kwenye kioo, lilikuwa sawa kabisa na jirani yake. Nikitoka nje mchana naliona la kijivu. Halafu kwenye harusi ya mdogo wangu ukumbi ulikuwa na zile taa za zambarau, na picha zote nilizopigwa naonekana kama nina pengo! Daktari wangu anasema alipima rangi, ni A2 kama meno mengine, kwa hiyo kofia haina kasoro. Je, ananidanganya? Na inaweza kupakwa rangi bila kutolewa, au bora ning'arishe meno mengine yafanane nayo?

Jibu: Marahaba, dada. Daktari wako hakukudanganya. Inawezekana kabisa alipima A2, maabara ikatengeneza A2, na kofia bado ikakataa kufanana na jirani yake. Tena malalamiko yako ni mawili, ingawa umeyaandika kwa pumzi moja. Ukijivu wa mchana, kwa jinsi ulivyoeleza, naushuku unatoka chini ya kofia, kwenye kisiki, yaani jino lako lililobaki baada ya kuchongwa. Lile pengo la ukumbini linatoka ndani ya kauri yenyewe. Ukitibu moja, la pili linabaki palepale, kwa hiyo vumilia nikujibu kwa urefu.

Hiyo A2 ni jina la kipande kimoja kati ya vipande 16 vya sampuli ambavyo kampuni ya VITA ya Ujerumani ilivitoa mwaka 1956. Mpaka leo madaktari na mafundi wa maabara karibu dunia nzima wanaelewana kwa majina hayo. A ni meno yenye wekundu wa kahawia, B yameelekea unjano, C ni ya kijivu, D ni kijivu chenye wekundu kwa mbali. Ndani ya kila herufi, namba ikipanda rangi inakolea na kuwa nzito. Vipande 16 kuwakilisha vinywa vya watu wote duniani ni vichache mno, na havikupangwa kwa hatua zinazolingana. Mwaka 1998 kampuni hiyohiyo ilileta seti nyingine yenye vipande 26, iliyopangwa kwa kuanza na weupe, kisha ukolezi wa rangi, mwisho wekundu au unjano wake. Mimi naipenda hiyo ya pili, lakini ile ya zamani ndiyo utakayoikuta kwenye droo za kliniki nyingi, na mtu mwenye jicho zuri anafanya nayo kazi safi.

Mpangilio huo wa kuanza na weupe una sababu. Mtu anayeongea nawe hatagundua kama kofia yako ina unjano kidogo kuliko jirani yake. Ikiwa nyeusi zaidi au nyeupe zaidi, ataiona kabla hamjamaliza kusalimiana. Ndiyo maana daktari mzoefu hupanga vipande vyake kuanzia cheupe zaidi hadi cheusi zaidi, na hapo herufi zinachanganyika: B1, A1, B2, D2, A2, C1, na kuendelea. Wengi hushangaa kuona D2 ikikaa mbele ya A2. Kisha anafumba macho nusu. Mwanga unaoingia jichoni ukipungua, rangi zinafifia na jicho linabaki likipima giza na weupe tu. Anashika vipande viwili, kimoja kikiwa cheupe kidogo kuliko jino na kingine cheusi kidogo, anavisogeza ncha kwa ncha na jino, usawa mmoja, wala si mbele ya mdomo. Kikisogea mbele kinapata mwanga mwingi na kuonekana cheupe kuliko kilivyo. Anatazama kwa sekunde tano hivi, anapumzisha macho kwenye kitu cha kijivu, anarudia. Ukimwona daktari anakodolea sampuli dakika nzima, jicho lake limeshachoka na linamdanganya.

Sasa tuje kwenye kisiki. Kile kipande cha sampuli ni kauri tupu, kinene kuliko kofia yako, na nyuma yake hakuna kitu. Kofia yako ina unene wa milimita moja, moja na nusu hivi, na nyuma yake kuna jino lililokufa. Jino linapopigwa, damu huingia kwenye vijifereji vidogo vya dentini, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, ganda gumu la nje, na chuma kilichomo katika damu hiyo hubaki humo na kulitia giza. Kusafisha mzizi hakuliondoi lote. Na kama jino lilibaki kidogo, huenda ulitiwa nguzo ya kushikilia kofia. Ikiwa ni ya chuma, giza linaongezeka. Mwanga unapita kwenye kauri, unafika kwenye kisiki, unamezwa badala ya kurudi. Jicho linaiita hali hiyo kijivu.

Hapa aina ya kauri ndiyo inayoamua. Kuna kauri ya kioo inayoitwa lithiamu disiliketi, ambayo inapitisha mwanga vizuri sana. Juu ya kisiki cheupe sijaona inayoishinda kwa uzuri. Juu ya kisiki cheusi inakuumbua, isipokuwa fundi achague daraja lake lisilopitisha mwanga sana na daktari awe amechonga jino vya kutosha kumpa nafasi. Kauri nyingine ni zirkonia. Ya kizazi cha kwanza ilikuwa ngumu na yenye kuziba mwanga, inaficha giza lakini inaweza kuonekana kama chokaa. Zilizofuata zimeongezewa uwazi, na kwa hiyo zimepoteza sehemu ya uwezo wa kuficha. Kofia za zamani zenye chuma ndani huficha kila kitu, kwa kuwa chuma hupakwa tabaka zito la kauri ya kuziba kabla ya rangi nyingine, ila baada ya miaka fizi ikishuka unaona mstari mweusi shingoni mwa jino. Sijui wewe ulipewa ipi. Uliza. Ni haki yako kujua kilichomo mdomoni mwako, na jina lake liandikwe kwenye faili lako.

Kwa jino kama lako rangi hupimwa mara mbili: rangi inayotakiwa, ikipimwa kwenye meno ya jirani, na rangi ya kisiki baada ya kuchongwa. Ipo seti maalumu ya sampuli za visiki, vipande tisa kuanzia cheupe hadi cha kahawia nzito. Fundi akipewa namba ya kisiki anatengeneza kisiki cha bandia chenye rangi hiyohiyo, anajaribishia kofia juu yake, na anaona mapema kama giza linapenya. Akiandikiwa "A2" peke yake kwenye karatasi, anajengea juu ya plasta nyeupe au ya krimu, kazi inapendeza mezani kwake, kisha inakuja kulala juu ya kisiki cheusi. Hapo hakuna aliyedanganya, na kofia bado haifai.

Fanya uchunguzi mdogo nyumbani kabla hujarudi kwake. Saa nne asubuhi simama karibu na mlango au dirisha, kivulini, ukiwa na kioo kidogo. Kama ukijivu umekusanyika shingoni mwa jino karibu na fizi, kuna uwezekano ni ukingo wa chuma, au mzizi wenyewe mweusi unaonekana kupitia fizi nyembamba. Hilo la pili kofia mpya peke yake haitalimaliza. Kama umetanda katikati ya jino, kisiki kinapenya. Kama jino ni jeupe bapa tangu juu hadi chini, bila ule uwazi wenye samawati kwenye ncha ambao meno yako mengine yanao, basi tatizo ni kinyume: kauri imeziba mno na haina kina. Watu huyaita yote matatu "kijivu", ila matibabu yake hayafanani.

Kuhusu kufanana ndani na kutofautiana nje, muulize fundi cherehani yeyote kwa nini uzi anaupeleka mlangoni kabla ya kuushonea kitambaa chako. Vitu viwili vilivyotengenezwa kwa malighafi tofauti vinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na jino ni madini na protini, kofia ni kioo na oksidi za metali. Taa yenye unjano huufunika ukijivu. Mwanga wa mchana wenye samawati nyingi huufichua. Ndiyo maana rangi hupimwa chini ya taa inayokaribia mwanga wa mchana, nyuzi 5500 hadi 6500 za Kelvin, na inayoonyesha rangi kwa uaminifu, kisha inathibitishwa nje. Vitabu vya Ulaya vinashauri dirisha linalotazama kaskazini. Huku kwetu karibu na ikweta ushauri huo hauna maana kubwa, jua linahama upande kwa upande mwaka mzima. Cha kutafuta ni kivuli chenye anga wazi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mapema sana au jioni mwanga una wekundu.

Vitu vinavyokuzunguka navyo vinaingilia. Kuta za kijani za hospitali, kitenge chekundu kinachong'aa chini ya kidevu, rangi ya mdomo: vyote hurudisha rangi yao kwenye meno. Mtu aliyevaa vizuri kwa ajili ya miadi hufunikwa kitambaa cha kijivu na kuombwa afute lipstiki, asione ni kuvunjiwa heshima. Na ngozi nyeusi na fizi zenye weusi, ambazo wengi wetu tunazo, hufanya meno yaonekane meupe kuliko yalivyo. Tazama jinsi baadhi ya seti za sampuli zilivyowekewa fizi za plastiki za rangi ya waridi, kana kwamba kila mgonjwa ana fizi za aina hiyo, mimi huzing'oa.

Halafu kuna suala la wakati. Rangi ipimwe mwanzo kabisa, kabla ya sindano na kabla ya kuchonga, meno yakiwa na mate yake. Jino lililokaa wazi dakika kumi au kumi na tano hukauka, maji yaliyo katikati ya enameli hutoka na hewa kuingia, likawa jeupe kama chaki. Kurudi kwenye rangi yake huchukua saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Akipima mwisho wa kazi, atachagua rangi nyeupe kuliko meno yako halisi. Ukumbuke na hili: kukuonyesha kioo dakika ile kofia inapogandishwa, meno ya jirani yakiwa makavu, hakupimi chochote.

Pengo la harusini lina maelezo mafupi zaidi. Zile taa za zambarau hutoa miale ya urujuanimno (UV). Jino la asili, hasa dentini yake, huipokea miale hiyo na kuirudisha kama mwanga wa samawati nyeupe. Ndiyo maana meno ya watu hung'aa ukumbini. Kauri isiyo na uwezo huo hubaki giza, na kwenye picha jino linapotea. Viwanda vimelijua hili tangu zamani. Kuna kipindi waliwahi kutia urani kidogo kwenye unga wa kauri ili ing'ae, jambo ambalo leo lingezua kesi. Sasa hutumia madini mengine adimu yasiyo na hatari hiyo. Zirkonia tupu hasa ndiyo inayozimika, isipokuwa imepakwa tabaka la juu au kioo cha kumalizia chenye kung'aa chini ya miale hiyo. Kwa hiyo kofia mpya ikitengenezwa, sema wazi kwamba unataka kauri yenye sifa hiyo. Taa ndogo ya kukagulia noti inatosha kuijaribu palepale kliniki. Hata hivyo usishangae likibaki tofauti kidogo chini ya taa hizo, maana jino la jirani ni hai na lako halipo hai.

Umetaja Usa River, nami nilipofika hapo nilisimama. Maji ya ukanda ule wa Meru, mkoani Arusha, ikiwemo Maji ya Chai jirani yenu, yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, mara nyingi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidiwe. Mtoto akiyanywa meno yanapoumbika chini ya fizi, yanatoka na mabaka meupe kama chaki, mistari, na hata kahawia. Kama meno yako ya jirani yana alama hizo, hata kidogo, hakuna A2 wala kipande kingine cha seti yoyote kitakachoyafuata, kwa sababu zile sampuli zina rangi laini zisizo na mabaka. Hapo fundi anahitaji kuliona jino lenyewe. Anachora mabaka kwa mkono ndani ya tabaka za kauri, akichoma tabaka baada ya tabaka kwenye tanuru, na anatakiwa ajue lile baka jeupe limekaa theluthi gani ya jino na kingo zake ni kali au zimefifia. Kazi ya namna hiyo haitengenezwi kwa kuandikiwa herufi moja na namba.

Kama maabara iko mji uleule, nenda mwenyewe ukaketi mbele ya fundi. Nusu saa kwake inazidi karatasi kumi za maelezo. Kama iko mbali, zipigwe picha kwa kamera, kipande cha sampuli kikiwa ndani ya picha karibu na jino na jina lake likisomeka, pamoja na kadi ya kijivu ili fundi asawazishe rangi kwenye kompyuta. Simu hujibadilishia rangi yenyewe kila mwanga unapobadilika, na WhatsApp inaibana picha zaidi. Ikibidi kutumia simu, picha itumwe kama faili. Kuna pia kifaa cha kupimia rangi kiitwacho spektrofotomita, kinagusishwa kwenye jino na kutoa namba. Kinasaidia, hakichoki na hakijali kitenge chako, lakini kinasoma eneo dogo tu na hakijui habari za mabaka.

Je, ipakwe rangi bila kutolewa? Hapana. Rangi za kauri hushika kwa kuchomwa tanuruni, nyuzi mia saba na zaidi za Selsiasi, na haiwezekani kuchoma ikiwa mdomoni. Zipo rangi za plastiki za kupaka juu, zinatoka baada ya muda na kuacha uso unaoshika madoa. Halafu hata kofia ikiwa bado mkononi mwa fundi, rangi ya juu inaweza kuifanya iwe nyeusi zaidi au ya njano zaidi. Kuifanya iwe nyeupe zaidi haiwezi. Kofia iliyokuja ikiwa na giza inatengenezwa upya.

Na kung'arisha meno mengine? Dawa ya kung'arisha haigusi kauri. Kofia yako imetoka nyeusi kuliko jirani zake, kwa hiyo ukiyang'arisha hayo unaongeza umbali. Ingekuwa kofia imetoka nyeupe mno ningekuambia ujaribu. Lakini kama ulikuwa na nia ya kung'arisha siku moja, fanya sasa kabla kofia mpya haijatengenezwa, kisha usubiri wiki mbili ndipo rangi ipimwe, kwa sababu meno yaliyotoka kung'arishwa hurudi nyuma kidogo kabla ya kutulia.

Kwa hiyo rudi kwa daktari wako, kwa upole, na umwombe mambo yafuatayo. Kofia ikatwe na kuondolewa. Haitoki nzima, na kama ni zirkonia itachukua muda. Kisiki kitazamwe. Kama ni dentini iliyoingia giza na hakuna nguzo ya chuma, jino linaweza kung'arishwa kwa ndani kupitia lile tundu lililotumika kusafishia mzizi. Kama kuna nguzo ya chuma iliyoshika vizuri, singeharakisha kuing'oa, mzizi unaweza kupasuka ukapoteza jino lote. Afadhali ifunikwe kwa plastiki nyeupe ya kujazia isiyopitisha mwanga, kisha ichaguliwe kauri yenye kiini cha kuziba na tabaka za uwazi juu yake. Rangi ya kisiki ipimwe na iandikwe.

Usitegemee kofia isiyoonekana kabisa. Jino moja la mbele, jirani yake akiwa wa asili, ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fani hii, na mimi ningeahidiwa meno sita ya mbele kwa mpigo ningechekelea. Katika vipimo vya maabara, kwa kipimo cha tofauti ya rangi kiitwacho delta E, tofauti ya 1.2 ndipo nusu ya watazamaji huanza kuigundua, na nusu bado huikubali hadi 2.7. Lenga kuwa ndani ya hapo.

Siku ya kujaribisha, kofia ikae mdomoni kwa gundi ya majaribio yenye rangi ileile ya saruji itakayotumika, maana kwa kauri nyembamba rangi ya saruji nayo inapenya. Toka nayo nje kivulini, uende na mtu anayekujua sura, ongeeni kidogo. Ikiwa ni zirkonia, daktari anaweza kuigandisha kwa saruji ya muda ukakaa nayo wiki nzima. Ikiwa ni lithiamu disiliketi, atasita, na yuko sahihi, kwa sababu inaweza kupasuka wakati wa kuitoa. Hapo uamuzi wako utoe siku hiyohiyo, kabla hajafungua saruji ya kudumu.